Aliamka hawezi kukanyaga, siku ya tano akakimbiza mbuzi

Shangazi, nakusalimu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Malaba upande wetu wa Uganda, nauza nguo za mitumba. Mume wangu ni dereva wa lori na siku nyingi yuko njia ya Juba, kwa hiyo mambo ya nyumbani ni mimi na mama mkwe wangu, ambaye ni jirani.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto wangu wa pili, wa kiume, amefikisha miaka 5 juzi tu. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu alfajiri, nilimwamsha aende shule. Akateremka kitandani akasimama kwa mguu mmoja, kama kuku wakati wa mvua. Nikamwambia tembea. Akashika ukuta, akawa anakanyaga kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto, kisigino hakigusi chini. Nikamuuliza unaumwa wapi, akaonyesha goti. Nikalitazama lile goti kwa tochi ya simu: halijavimba, halina jeraha, halina moto. Na Jumapili yake alikuwa mzima kabisa, alicheza mpira na wenzake mpaka giza likaingia, hakuna aliyesema ameanguka.

Nitakwambia ukweli, Shangazi. Nilidhani anakwepa shule, maana siku ile walikuwa na mtihani. Nilimgombeza, nikamvuta mkono atembee. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake, akakaa chini. Ukelele ule bado ninao masikioni.

Nikampakia boda mpaka kliniki moja ya karibu. Yule musawo, yaani mganga wa kliniki, akalibonyeza goti, akasema halina kitu. Akapima malaria, hakuna. Hata hivyo akasema tumchome sindano za makalio siku tatu, za maumivu na za kuua wadudu. Nikamuuliza wadudu gani, si umesema hakuna malaria? Akasema ni za kuzuia. Pesa sikuwa nazo, nikarudi na vidonge vya parasetamoli. Jioni mama mkwe akaja, akamtazama mtoto anavyoruka kwa mguu mmoja kwenda chooni, akasema huyu amekanyaga kitu alichotegewa mtu mwingine. Akataka apelekwe kwa mzee anayekanda mifupa na kuchanja chale. Mume wangu kwenye simu akasema rudi ukachome sindano. Mimi katikati.

Jumanne rafiki yangu ambaye ni mkunga alinisindikiza kituo cha afya cha serikali. Pale tabibu kijana alimlaza mtoto chali, akaushika mguu, akawa anauviringisha polepole ndani na nje kama mtu anayesukuma chapati. Ulipoelekea ndani, mtoto akalia na kushika kinena. Tabibu akasema, “Mama, tatizo liko nyongani, goti halina kosa.” Akampima joto, 37.4. Akauliza kama alikuwa na mafua, nikakumbuka ndiyo, wiki iliyotangulia alikuwa na mafua na kikohozi. Akatupa ibuprofeni ya maji, akasema mtoto apumzike, turudi baada ya siku mbili, na homa ikipanda tusingoje kuche. Maabara haikuwa ikifanya kazi siku hiyo na mashine ya picha ya eksirei hawana.

Alhamisi mtoto alianza kukanyaga. Ijumaa nikamkuta anakimbiza mbuzi wa jirani. Sikurudi kituoni, ilikuwa siku ya soko.

Sasa nauliza: ni maumivu gani yanakuja bila kuanguka na kuondoka bila sindano? Yatarudi? Mama mkwe anasema mzizi umebaki ndani. Sina raha, usiku namwamsha kumbonyezabonyeza mguu.

Mama wa Malaba

*

Mama wa Malaba, pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilivuta pumzi nilipofika kwenye ile 37.4. Nitakueleza kwa nini.

Yote uliyoyaandika yanafanana sana na kitu ambacho sisi tuliofanya kazi wodi ya watoto tumekiona mara nyingi. Hospitalini utasikia wakikiita sinovitisi ya muda, yaani utando wa ndani wa nyonga umevimba, nao utanywea wenyewe. Sijamgusa mtoto wako, kwa hiyo siwezi kukupa cheti. Ila mtoto wa kiume wa miaka 5, mafua wiki iliyotangulia, mguu mmoja tu, joto la kawaida, nafuu ndani ya siku chache: kama ningekuwa na yule tabibu mlangoni, ningemwambia nafikiri kama wewe.

Nyonga imeumbwa hivi. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, kimeingia ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kuzunguka hapo pana kifuko, na ndani ya kifuko pana utando laini unaotoa ute wa kulainisha, kama mafuta kwenye bawaba ya mlango. Utando ukivimba, ute unazidi, kifuko kinajaa na kubana. Mtoto bila kufundishwa na mtu huukunja mguu kidogo na kuugeuzia nje, maana hapo ndipo kifuko kinapata nafasi. Ukiugeuza ndani, nafasi inapungua, analia. Tabibu wako aliposukuma ile chapati alikuwa akiuuliza mguu swali hilohilo, na mguu ukajibu.

Na goti? Mwanao hakudanganya. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia goti pia, ndiyo maana maumivu ya juu husikika chini. Tulipokuwa wanafunzi tulikaririshwa: mtoto akilalamikia goti na goti halina kitu, panda juu ukatazame nyonga. Nimewaona watoto waliosuguliwa goti kwa dawa ya kuchua wiki nzima na hakuna aliyewahi kuwagusa kiunoni. Yule wa kliniki alibonyeza pale alipoonyeshwa, akaishia hapo.

Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 10, wavulana wakiwa karibu mara mbili ya wasichana. Mara nyingi hutanguliwa na mafua, kikohozi au kuharisha siku chache au wiki mbili kabla, lakini si lazima. Kwa nini mafua ya puani yaende kuamsha utando wa nyonga, hilo madaktari bado wanalitafuta. Kinachojulikana ni kwamba ule ute ukitolewa na kupimwa, wadudu wa usaha hawamo. Kwa hiyo sindano zile za kuua wadudu zingemkuta nani? Wengi hupata nafuu ndani ya siku 2 au 3, na wiki mbili zikiisha mtoto anatakiwa awe amepona kabisa. Wachache hurudiwa.

Lakini sikiliza sana hapa. Jina hili la “maumivu ya muda” hutajwa mwisho, baada ya mengine yote kupigiwa hodi na kukutwa hayapo. Yapo magonjwa yanayoanza vilevile, mtoto akichechemea asubuhi moja, na mojawapo halikupi nafasi ya kungoja.

Hilo ni usaha ndani ya kiungo. Wadudu huingia nyongani kupitia damu, na usaha hula gegedu laini linalofunika mfupa, tena kwa haraka, siku chache zinatosha kumwachia mtoto kilema cha maisha. Huyo anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, kiungo kisafishwe, apewe dawa za mshipani. Mwaka 1999 madaktari wa Boston kule Marekani walichapisha alama nne za kutenganisha usaha na ule uvimbe wa muda: homa inayopita 38.5, mtoto kukataa kabisa kuukanyagia mguu, na vipimo viwili vya damu, ule mwendo wa chembe nyekundu kutuama chini ya kichupa (ESR) ukizidi milimita 40 kwa saa, na chembe nyeupe za damu zikizidi 12,000 kwa kila mikrolita. Zote nne zikikosekana, usaha ni nadra sana. Zote nne zikiwapo, karibu hakuna ubishi. Hospitali nyingine zilipozijaribu baadaye hazikupata uhakika mkubwa kiasi hicho, kwa hiyo zichukue kama mwanga wa tochi, zinakuonyesha njia ila kutembea ni juu yako.

Mwanao alikuwa na 37.4, na alikanyaga japo kwa vidole. Vipimo vya damu havikuwezekana. Tabibu akafanya kitu cha busara ambacho ukosefu wa maabara hauzuii: alitumia siku mbili kuwa ndicho kipimo. Uvimbe wa muda unapungua, usaha unaongezeka. Lile neno “rudini” lilikuwa sehemu ya matibabu sawasawa na ile chupa ya dawa, na hapo mwanangu nakulaumu kidogo. Najua soko la Ijumaa halimngoji mtu. Lakini mtoto anaweza kukimbiza mbuzi kwa sababu amepona, na anaweza kukimbiza mbuzi kwa sababu ibuprofeni ya asubuhi imemtuliza. Anayeweza kutofautisha ni yule mwenye mkono wa kuuviringisha mguu tena. Mpeleke hata sasa. Wiki tatu zimepita na anaenda vizuri, sitegemei wamkute na kitu, ila apimwe mguu na iandikwe kwenye kitabu chake.

Nunua kipimajoto, uwe nacho ndani ya nyumba, acha kupima kwa kiganja. Ukitumia cha kwapani kumbuka kinasoma chini kidogo kuliko joto la ndani. Na pima kabla ya kumpa dawa, maana parasetamoli na ibuprofeni zote hushusha homa, ukipima baada ya saa moja utaona namba nzuri na usaha uko palepale.

Sindano za makalio zinaniuma moyoni, nitazisemea. Hapa kwetu mzazi akirudi nyumbani bila mtoto kuchomwa anajiona hajahudumiwa, na baadhi ya kliniki zimejua udhaifu wetu huo. Katikati ya kalio umepita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka unyayo. Sindano ikiukosea njia, mtoto aliyeingia anachechemea wiki moja hutoka na mguu unaoburuta miaka. Na sindano zikirudiwarudiwa, hasa zile za kwinini tulizozizoea, misuli ya kalio hukakamaa ikawa kama kamba. Nenda mji wa Kumi, hapohapo mashariki mwa Uganda, waganga wa mifupa wamefanyia upasuaji watoto wengi wasioweza kuchuchumaa wala kukaa na magoti pamoja kwa sababu hiyo. Sisemi sindano ni mbaya, ikihitajika ichomwe, na malaria kali ina dawa yake ya sindano. Nasema sindano bila jina la ugonjwa ukatae, kama ulivyokataa, hata kama safari hii ni mfuko uliokukatalia. Mume wako nae msomee kipande hiki akipata mtandao.

Sasa kipimo ninachokuomba ufanye mwezi huu: sikoseli, wengine huita selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 2014 na 2015 nchi yetu ilipima damu za watoto wachanga wa wilaya zote. Asilimia 13.3 walikuwa wamebeba kinasaba kimoja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe, na hakuna wilaya iliyokutwa haina wabebaji. Wilaya 8 zilipita asilimia 20 ya wabebaji. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kuumwa mfupa ghafla bila kuanguka, nyonga yake inaweza kukosa damu, na wadudu huingia mifupani mwake upesi. Kwa huyo, “maumivu yaliyopita yenyewe” yana maana nyingine kabisa. Hukuandika kama alishapimwa, wala kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyesumbuliwa na upungufu wa damu na manjano ya macho. Kipimo ni damu kidogo tu. Wapime wote watatu kwa safari moja.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Kuna ugonjwa wa kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu bila sikoseli, wa Perthes, unaopenda wavulana wa miaka 4 hadi 8. Huanza na kuchechemea kunakokuja na kupotea, na picha ya kwanza huweza kuwa safi. Ndiyo sababu akichechemea tena mwezi ujao usiseme “ni kile cha juzi”, mpeleke apigwe picha. Kifua kikuu cha nyonga huja polepole, wiki hata miezi, mtoto akikonda na kutoka jasho usiku. Kama nyumbani mnakunywa maziwa mabichi, waambie, maana bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, huumiza viungo pia. Mtoto mweupe viganja, mwenye vidoa vya damu ngozini, anayelia mifupa usiku, damu yake ichunguzwe mara moja. Na kwa wakubwa wa miaka 10 hadi 16, hasa wanene, nyonga au goti likiuma huenda kichwa cha mfupa kimeteleza. Huyo asitembezwe hata hatua, abebwe.

Mwanao yakimrudia, mwache alale anavyotaka yeye, mguu ukunjwe, uwekewe mto chini ya goti. Shule na mpira vingoje mpaka atembee bila kuchechemea, na mbio azingoje siku kadhaa zaidi. Ibuprofeni ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara 3 kwa siku, baada ya kula, kwa hiyo mwache wa duka la dawa ampime uzito asikadirie kwa macho. Usimpe kama anatapika na kuharisha amekaukiwa maji, au kama ana shida ya figo au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Aspirini usimpe mtoto. Usimvute, usimkande. Homa ikifika 38.5, au akikataa kabisa kusimama, au akilia hata ukimgusa mguu kidogo kwa bahati mbaya, au akionekana mgonjwa wa mwili mzima, hapo ni boda usiku uleule, na usiishie kituo kidogo, omba rufaa ya Tororo au Mbale.

Kuhusu mama mkwe. Usigombane naye, anamwogopea mjukuu kama wewe. Nenda na chai yako, ukae, umweleze: mama, nyonga ilijaa maji baada ya mafua, maji yamekauka. Maneno hayo atayaelewa, kwa sababu bibi zetu wanajua kiungo kujaa maji. Uchawi usiubishie. Mwombe jambo moja tu, asikandwe wala asichanjwe. Kiungo kilichovimba ukikikanda unakichochea, na wembe wa chale unafungua mlango wa pepopunda na wadudu walewale tunaowakimbia. Mpe kazi: yeye ndiye awe mlinzi wa kipimajoto wewe ukiwa sokoni. Nimewaona bibi wakigeuka kuwa wauguzi wakali kuliko sisi.

Bado ule ukelele. Mama, hukujua. Goti halikuwa na kitu, mtihani ulikuwapo, na watoto wa miaka 5 hukwepa shule. Hukumharibu nyonga kwa kumvuta mkono. Lakini mwambie, kwa mdomo wako: “Siku ile uliniambia unaumwa, mimi sikukuamini. Ulisema kweli.” Mtoto huyu atahitaji kukwambia tena siku nyingine kwamba anaumwa, na nataka asisite.

Na usiku mwache alale. Kumbonyeza gizani hakukuonyeshi kitu. Asubuhi akienda chooni, simama mbali mtazame anavyochuchumaa. Magoti yote mawili yakishuka sawa, visigino vikagusa chini, hakushika ukuta, basi nyonga zinafanya kazi. Dakika moja, kila siku, kwa mwezi mmoja. Majibu ya sikoseli yakitoka, niandikie.

Shangazi